Nozeli za Gari la Bibi Harusi

Mtani wangu alinunua gari baada ya mimi kununua langu, na hilo peke yake lilinikera. Tulikuwa makarani katika ofisi moja ya serikali hapa Dodoma, meza zetu zikitazamana, mimi Mgogo na yeye Mnyamwezi, na utani wetu tuliurithi kwa babu zetu. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara imefunguliwa, magari ya mitumba yalikuwa yakimiminika kutoka Japani, na hata karani akijibana aliweza kupata moja. Langu lilikuwa jeupe. Yeye akaleta la aina ileile, injini ileile na weupe uleule, utadhani Japani nzima waliishiwa rangi.

Hayo ningeyavumilia. Tatizo ni kwamba lake lilikuwa linakwenda. Tulipoongozana kwenda msibani Kolo, kwenye mlima wa kwanza tu alinipita huku akinipungia mkono, nami nakanyaga mafuta halisogei. Nilipofika nilimkuta ameshaketi mkekani na wazee, anakula ugali.

"Mtani," akaniita mbele ya watu wote, "umekuja na gari au umekuja unalisukuma?"

Watu wakacheka, tena msibani. Mtani ana ruhusa hiyo.

Tuliporudi ofisini nikamwuliza, kwa sauti ya mtu asiyejali, gari lake lina nini. Akainama juu ya meza na kuninong'oneza.

"Nimebadili nozeli, zile zinazopuliza petroli ndani ya injini. Nimeweka kubwa, za gari la tabo. Usimwambie mtu."

Wenzetu waliokuwa karibu waliinamisha vichwa kwenye mafaili. Nikadhani wanafanya kazi.

Kuanzia hapo kijiba cha roho kikanishika. Nikisikia gari lake linaingia getini, naiacha chai nikachungulie dirishani. Nilichukia hata alivyofunga mlango wake, taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto.

Na wakati huo mdogo wangu wa kike alikuwa anakaribia kuolewa. Baba alikuwa ameshafariki, kwa hiyo mimi ndiye niliyepaswa kumshika mkono hadi madhabahuni. Alikuwa amesema mbele ya mama kwamba atatoka nyumbani Haneti mpaka kanisani mjini ndani ya gari la kaka yake, la kukodi halitaki. Gari la mtani wangu lingefuata nyuma limebeba mashangazi. Nikajiona njiani, bibi harusi yumo kwangu, halafu mtani huyo ananipita na kunipungia mkono. Nikasema haiwezekani.

Nikaenda kwa fundi mmoja karibu na soko la Majengo. Alikulia kwenye injini za zamani za kabureta. Injini hizi mpya zilikuwa ngeni kwake kama zilivyokuwa ngeni kwangu, ila hakuna kati yetu aliyetaka kusema. Tukapata nozeli kubwa kutoka kwenye gari la tabo lililopinduka. Gari la tabo lina feni inayoisukumia injini hewa, ndiyo maana linakunywa petroli nyingi. Langu lilivuta hewa kwa pumzi zake lenyewe. Hilo nililijua, lakini nikajiambia kwamba mtu akiongezewa ugali huongezeka nguvu. Zilipofungwa, gari likanguruma kwa sauti nzito, nami nikafurahi. Mke wangu akasema nyumba inanuka petroli mpaka mapazia.

"Hiyo ndiyo nguvu," nikamwambia.

Asubuhi ya harusi, pale Haneti, mdogo wangu alipanda nyuma na shela lake, mama pembeni yake. Nikawasha. Moshi mweusi ukatoka ukawafunika wapiga matarumbeta juu ya pikapu yao. Tukaondoka hivyohivyo. Hatujatoka hata kijijini, gari likaanza kurukaruka kama mbuzi aliyefungwa kamba, kisha likazima. Nikapiga stata mpaka betri ikachoka. Plagi zilikuwa zimelowa petroli, na bibi harusi ameziba pua kwa shela.

Mtani wangu akashuka, akafungua boneti, akanusa.

"Mtani, umelifanya nini hili?"

"Nimeweka nozeli kubwa. Kama zako."

Akashusha boneti.

"Zangu ni zilezile zilizokuja na gari kutoka Japani. Zilikuwa zimeziba uchafu, fundi akazitoa akazisafisha, basi. Ule ulikuwa utani! Ofisi nzima walijua ni utani."

Shangazi mmoja akaanza kucheka, wakafuata wenzake, kisha watu wa matarumbeta. Nami nikacheka. Kwetu anayemkasirikia mtani amejiaibisha mara mbili. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na roho ilikuwa inaniungua. Uchafu tu! Ningesafisha uchafu ningekuwa sawa naye.

Mashangazi wakahamia kwenye pikapu, bibi harusi na mama wakahamia kwa mtani. Mdogo wangu aliteremsha kioo.

"Kaka, mimi sikukuomba mwendo," akasema. "Nilikuomba unipeleke."

Wakaondoka. Mimi nilibanwa kwenye pikapu katikati ya mashangazi na matarumbeta, nikila vumbi la gari lile jeupe mpaka lilipotokomea mbele. Kwa kukimbia lilikuwa linakimbia, siwezi kudanganya.

Tulipofika mjini, harusi nyingine ilikuwa inangoja nje na mchungaji alikuwa amekataa kuchelewesha ibada. Nilishuka nikakimbilia mlangoni nikijipangusa suti. Kwaya ilikuwa imeshaanza kuimba. Ndani, kwenye njia ya katikati, niliuona mgongo wa mtani wangu, mkono wa mdogo wangu umepita kwenye kiwiko chake. Mama alikuwa nyuma yao, anaweka shela sawa.

"Haya, mwanangu," mama akamwambia mtani, "mpeleke."