Bakanichanja mikono na wembe: wakuu, vitiligo haiko ukoma

Wakuu, na bamama benye muko humu, jambo yenu yote.

Mi niko mama wa muji ya Baraka, huku Fizi. Kiswahili yetu ya Kongo mutaivumilia, na makosa ya kuandika pia, juu masomo yangu iliishia darasa ya tatu ya primaire. Lakini yenye nitasema hapa ilipita juu ya ngozi yangu mwenyewe. Siongeze, sipunguze.

Juzi niliona humu mutu anauliza: mutoto wake anatoka madoa meupe pembeni ya mudomo, afanye nini. Mumoja akamujibu, "Umupeleke kwa fundi wa kienyeji amuchanje." Batu bakamusifu.

Nilikosa raha siku muzima. Njo maana naandika.

Mi nilizaliwa Mboko. Nakumbuka mutoni kwetu, pale bamama bote balikuwaka banaloweka mihogo. Kila mutu na kashimo kake ka maji, amefunika na majani, ameweka jiwe juu.

Mihogo ikishalainika tunaenda kuimenya pamoja. Harufu kali, vicheko, masengenyo ya bwana wa fulani. Ukitoka mule vidole vimekuwa vyeupe, vimekunjamana sawa ya muzee.

Mama yangu alikuwaka ananishika mikono, ananipaka mawese mpaka kwenye kiwiko. "Leta hiyo mikono yangu," anasema. Ni vile alikuwaka anaiita, mikono yake. Inarudia nyeusi, inang'aa. Kisha tunaenda kula, bote sinia moja, bugali moto inaunguza vidole na hakuna mwenye anangoja ipoe.

Ile sinia, wakuu. Mukiwa bado munakula bote sinia moja, mushukuru Mungu.

Sasa doa ya kwanza haikuniogopesha. Nilikuwa nimeshaolewa huku Baraka, kwa Sadiki, na mutoto wetu Neema ameanza kutembea. Ilitoka kwenye kidole. Nikasema ni maji ya mihogo. Nikapaka mawese, nikangoja.

Haikurudi nyeusi. Ikapanda kidole ya pili, ikashuka kwenye kiganja, kisha ikatoka na kwenye uso.

Mwenye aliiona wa kwanza ni wifi yangu Wabiwa, dada ya Sadiki. Namutaja jina, asikasirike, ye alinitaja soko yote.

"Wifi, hiyo ni ukoma. Ao ulikula samaki ya mwiko."

Nikamwambia samaki yenye nakula ni mukeke na ndagala, sawa na ya kwake.

"Basi ulijipaka ile mafuta ya kugeuza ngozi. Unakuwa muzungu kwa vipande vipande?"

Bamama ba soko bakacheka. Na mi nikacheka, ningefanya nini.

Siku ile ile, nyumbani, bakanitengea sahani. Sahani ya plastiki, na kikombe yake. Sadiki aliona, akanyamaza. Yeye pia namutaja. Mutu mwenye kunyamaza eko ndani ya kosa pia.

Kisha Wabiwa akanipeleka kwa fundi, Muzee Asukulu. Ule muzee alisema damu imefunga njia, inafaa kuifungulia. Akachukua wembe, akanichanja chale mikono yote miwili, na juu ya magoti pia. Akapaka dawa ya majani yenye ilichoma sawa ya moto. Nililia. Wabiwa ananishika mabega: "Vumilia, inatoka."

Haikutoka. Vidonda vikapona, na kila chale ikageuka mustari mweupe. Pale hapakuwa hata doa moja! Magoti yangu ilikuwaka mizima, Muzee Asukulu njo aliipeleka ugonjwa kule kwa wembe yake.

Wabiwa na ule muzee bakasema dawa inafanya kazi, tuongeze.

Mama alisikia, akatoka Mboko. Aliingia hakusalimia mutu. Akanishika mikono, akaigeuza huku na huku. "Nani alikata mikono yangu?"

Akaenda mwenyewe jikoni. Akapika, akaweka sahani moja tu, akaniita. Tukakula wawili, Wabiwa amesimama mulangoni anaangalia. Kesho yake Mama akanipeleka opitali.

Tulikuta dokta mwanamuke. Akasema nifunge macho, akachukua pamba.

"Ukisikia nakugusa, uniambie ni wapi."

"Hapo. Hapo kwenye doa. Sasa pembeni. Sasa unanitekenya."

Akacheka. Akanifasiria: doa ya ukoma mara mingi inakufa ganzi, haisikie vizuri. Yangu inasikia yote. Aliangalia na vingine, kisha akasema ugonjwa yangu inaitwa vitiligo.

Nitaisema vile mi nilielewa. Ndani ya mwili kuna baaskari benye banapigana na magonjwa. Kwa sisi benye vitiligo, bale baaskari banakosea, banapiga vile vitu vyenye vinatengeneza rangi ya ngozi. Haiambukize. Haitoke kwa samaki, wala kwa uchawi, wala kwa kula sahani moja. Na kwa batu bamoja, pale ngozi inaumizwa, kwa wembe ao moto ao dawa kali, doa mupya inaweza kutokea.

Mama akauliza kama inapona. Dokta hakutudanganya. Alisema kuna mafuta ya opitali yenye inaweza kurudisha rangi, uso inasikiaka dawa vizuri, mikono ni migumu. Hakuna mwenye anaweza kukuahidi. Doa inaungua na jua mbio, basi nifunike mikono nikienda shamba.

Mafuta nilipaka. Uso ilirudi karibu yote. Mikono ilikataa.

Nilirudi kwa Sadiki nikabaeleza yote. Wabiwa akasema, "Dokta eko nakubembeleza tu." Sahani ya plastiki ikabaki. Miaka ikapita hivyo. Mama akafariki, na mi nikakosa mutu wa kukula naye.

Neema akakua. Bakaja kumuposa, batu ya Kilembwe. Siku ya dote, ya kuleta mahari, Wabiwa akaniambia, "We mama ukae nyuma ya jikoni. Bakiona mikono yako, banarudi na mutoto wao. Unataka kuharibia mutoto?"

Hapo alinishika. Nikakaa nyuma.

Lakini wakuu, Wabiwa hajue kusonga bugali ya batu bengi! Inamutokaka mabonge. Akaona sufuria inamushinda, akanifuata mbio. "Songa, mi nitapeleka." Nikasonga. Nilisonga na kilio, lakini ililainika vizuri.

Sasa kwetu, mwenye analeta bugali mbele ya bakwe, yeye njo anakata tonge ya kwanza, anakula bote banaona, juu bajue chakula ni salama. Wabiwa alikuwa amesahau ile.

Nilikuwa nachungulia kwenye tundu ya ukuta ya jikoni. Anaangalia ile bugali, anaangalia bageni. Bageni banangoja. Akakata katonge kadogo sawa ya kidonge. Akameza bila kutafuna.

Mama ya bwana-arusi, mama Mauwa, mutu munene wa maneno, akakula akasema, "Eh! Nani alisonga hii?"

"Ni mi," Wabiwa anajibu.

Na Neema, mwenye siku ile hapaswi kusema kitu, akainua kichwa. "Shangazi, ni mama yangu alisonga. Eko nyuma. Munamuficha juu ya mikono yake."

Nikasema basi, arusi imekufa.

Bakaniita. Nikatoka na mikono ndani ya kitenge. Mama Mauwa akasema nionyeshe. Nikaonyesha, na chale zote.

Akaangalia mikono, akaangalia bugali.

"Bugali nyeupe, mikono nyeupe, sasa shida iko wapi? Ikaa hapa, mukwe. Inapoa."

Batu bakacheka, na mara hii kicheko haikuniuma. Nikanawa, nikaingiza mukono kwenye sinia. Ilikuwa bado moto, iliniunguza vidole. Nikakumbuka Mboko. Nikamukumbuka Mama, nikakula bila kungoja ipoe.

Neema eko Kilembwe, ana batoto. Wabiwa hajaniomba samahani mpaka leo. Mi pia simungoje.

Yenye nilijifunza ni hii: ukiona doa nyeupe, opitali kwanza, wembe hapana. Na sahani ya mutu usiitenge.

Mwenye naye alitengewa sahani aandike hapa chini, nitasoma bote.

Na ule mwenye aliandika bamuchanje ule mutoto: fika Baraka, uulize mama wa mikono. Batakuonyesha kwangu. Nitakupikia, utakula, kisha utaniambia kwenye hizi chale ni wapi dawa iliingia.