Siku Nilipomwacha Wifi Korongoni

Mume wangu alipofariki, aliyenitoa ndani ni wifi yangu, dada mkubwa wa marehemu. Alikuwa mkulima wa korosho pembezoni mwa mji wa Masasi, mama wa watoto watatu, na kabla ya msiba ule hatukuwa tumezoeana. Baada ya arobaini, watu walipokwisha kurudi makwao, alikuja asubuhi moja akanikuta nimekaa kitandani na nguo za kazini, na kipindi changu cha kwanza shuleni kimeshapita.

"Wifi, vaa raba," alisema. "Twende tukatembee."

Tukatembea mpaka chini ya mlima wa mawe, tukarudi. Kesho yake akaja tena. Baada ya wiki kadhaa tulikuwa tunakimbia, wala sikumbuki nani alianza. Yeye alivaa bukta ya marehemu chini ya kanga, na kanga aliivua tukishapita nyumba za mwisho. Hatukumtaja marehemu. Tulizungumzia mvua, bei ya salfa ya kupulizia mikorosho na watoto wake, na pengine tulinyamaza mpaka tunarudi.

Kwa hiyo tuliposikia kwamba zinaandaliwa mbio za marathoni, kutoka vijiji vya bondeni upande wa Masasi kupanda hadi Newala, tulijiandikisha wote wawili. Wifi alicheka sana siku ile. "Mdogo wangu angesema tumepata wazimu," alisema. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kumtaja marehemu.

Ilikuwa Julai. Tulianza alfajiri, tukapita njia za mchanga kati ya mikorosho iliyokuwa inaanza kutoa maua. Wanawake tulihesabika kwa vidole. Wifi alinitangulia hatua mbili tatu kama kawaida yake, na kila tulipofika kwenye kituo cha maji alinisubiri nimalize kunywa. Huko bondeni joto lilikuwa limeanza kupanda, lakini mbele yetu ukingo wa uwanda wa Makonde ulikuwa umefunikwa na wingu zito.

Kabla ya kuanza kupanda kuna korongo. Wifi alikanyaga jiwe lililolegea, akaanguka kwa ubavu. Nilipomfikia alikuwa amekaa ameushika mguu wa kushoto, meno ameyauma.

"Nimeteguka tu," alisema. "Wewe tangulia, nitakufuata."

"Una hakika?"

"Nenda, wifi. Usipoe."

Niliutazama ule mguu. Ulikuwa umeshaanza kuvimba juu ya kiatu, na kisigino kimekaa vibaya. Nilijua kwamba hautamfikisha popote. Nikaondoka.

Nilikuwa nimefika kwenye kona ya kwanza ya mlima aliponiita. "Wifi! Wifi, ngoja!" Nilimsikia vizuri kabisa. Nikapunguza mwendo hatua chache, halafu nikainamisha kichwa, nikaongeza.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Mwaka ule mzima sikuwa nimemaliza kitu chochote. Madaftari ya wanafunzi yalilala mezani nusu yamesahihishwa. Nilikuwa naloweka nguo zinanuka majini kabla sijazifua. Siku ile, kwa mara ya kwanza tangu tuzike, mwili wangu ulikuwa unakubali, nikaogopa kwamba nikirudi chini nitakaa pale na sitainuka tena. Hiyo ndiyo sababu. Sisemi kwamba inatosha.

Juu ya uwanda upepo ulinipokea kama mtu anayenisukuma nirudi. Nyasi zote zilikuwa zimelala upande mmoja. Ukungu ulifuata, na manyunyu membamba yenye baridi, na miti iliyobaki mashambani niliiona ikiwa mita chache tu mbele yangu. Njia ilishuka mabonde na kupanda, ikashuka tena. Nilikutana na bibi mmoja amejitwisha kuni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mnakimbilia nini kwenye baridi hii, mwanangu?"

Nilipita.

Baadaye kidogo kulikuwa na kituo cha maji. Mama mmoja mwenye redio ya mawasiliano mkononi alinipa kikombe, akaniuliza, "Huko nyuma kwema?"

"Kwema," nilisema.

Nilimaliza. Mtu alinivika medali shingoni, mwingine akanipa ndizi. Nikakaa nimeegemea ukuta, nikitetemeka, nikitazama njia. Wakimbiaji walikuja mmoja mmoja wakitoka kwenye ukungu, na kila alipotokea mwanamke nilisimama. Zilipita kama saa mbili. Kisha ikaja pikapu ya waandaaji. Wifi alikuwa kiti cha mbele, amefunikwa kitenge cha mtu, midomo imempauka. Mkulima aliyekuwa anakwenda kupulizia mikorosho yake ndiye aliyemkuta akitambaa kwa makalio kutoka korongoni.

"Nilikuita," aliniambia.

"Sikusikia, wifi. Upepo."

Akakivuta kitenge mpaka kidevuni. "Kweli," alisema. "Upepo ulikuwa mkali."

Mfupa ulikuwa umevunjika. Akafungwa hogo la plasta mguuni, na mimi kila nikitoka shuleni nilipitia kwake. Nilipika, nilifua, nilimpeleka bafuni. Wageni wakija kumpa pole aliwaambia, "Nina wifi mimi, mwacheni." Nilikuwa natoka nje na kujifanya natazama moto.

Siku moja, tumekaa barazani tunapukuchua kunde, nilimwambia. "Wifi, siku ile nilikusikia."

Hakuacha kupukuchua. "Najua. Nilikuona umepunguza mwendo, halafu ukaongeza."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nangoja useme mwenyewe. Umesema. Yamekwisha."

Ningenyamaza hapo, tungekuwa pamoja mpaka leo. Lakini nilitaka nitue mzigo wote, nikaendelea. Nikamweleza habari ya kituo cha maji, mama mwenye redio, na nilichomjibu.

Mikono yake ikasimama. "Walikuuliza?"

"Waliniuliza."

"Na ukasema kwema."

"Ndiyo."

Alizisukuma kunde kando. "Kuniacha nimekuelewa," alisema. "Mtu anaogopa, anakimbia. Lakini neno moja tu, wifi. Hukutakiwa hata kurudi." Akaomba magongo yake. Nilipotaka kumsaidia kuinuka, alinizuia kwa kiganja, akaingia ndani mwenyewe.

Nilimaliza kupukuchua zile kunde peke yangu, nikaziweka jikoni, nikaondoka.

Hatukugombana. Sikukuu ananitumia sahani ya chakula, nami namtumia. Tukikutana sokoni anaulizia kazi na afya yangu, naulizia mguu wake, ambao bado humuuma akiteremka. Nikipita kwake anatoa kiti na chai, na mtoto mmoja anaitwa aje kukaa nasi mpaka niage. Mimi siku hizi nakimbia kidogo, barabara ya lami tu, na kabla ya jua kuwa kali nimesharudi.

Mwezi uliopita alimwoza binti yake wa kwanza. Nilitegemea kuitwa kwenye vikao vya familia, nipangiwe kazi kama wifi yeyote. Badala yake ililetwa kadi shuleni, ndani ya bahasha, imeandikwa jina langu kamili. Nilikwenda. Nikakaa meza moja na walimu wenzangu, nikala pilau, nikapeana naye mkono kwenye foleni ya zawadi.

"Asante kwa kuja," aliniambia.

"Hongera, wifi," nikasema, na mtu wa nyuma yangu akasogea mbele.