Dizeli Iliyotutoa Nyumbani

Nilipotaka kununua gari langu la kwanza, mojawapo ya yale yaliyoinuka kidogo kutoka chini, si saluni wala si gari kubwa la porini, mume wangu alisema tuchukue la petroli. Mimi nikasema dizeli. Nimekua nikiyatazama matrekta ya dizeli yakipanda vilima kwenye matope na mizigo ya majani chai bila kulalamika, nikaona hata mimi nastahili nguvu hizo. Na nikishika neno, siliachi. Dizeli ikanunuliwa.

Tatizo ni kwamba shule ninayofundisha iko dakika saba kutoka nyumbani.

Muhula haukuisha kabla taa ya rangi ya machungwa haijawaka mbele ya usukani, na gari likaanza kujikokota. Nikalipeleka kwa fundi wetu kule Kericho. Aliniuliza huwa naendesha umbali gani. Nilipomwambia, alicheka mpaka akaketi juu ya tairi.

"Mwalimu, hii gari haipati joto! Huku kwa moshi kuna filta, na imejaa masizi. Kila wiki ipeleke lami, nusu saa bila kusimama, ijichome hiyo uchafu."

Mume wangu hakunisuta, lakini uso wake ulinisuta vya kutosha. Akaamua gari liuzwe, tununue la petroli. Mpaka mnunuzi apatikane, tungefuata amri ya fundi.

Basi Jumamosi tukashika njia ya Sotik. Yeye, ambaye hawaachi ng'ombe wake hata kwa harusi ya ndugu, alikuja eti kunisimamia. Tukanywa chai ambayo tungeinywa nyumbani, tukageuza. Jumamosi iliyofuata, Bomet. Ya tatu tukazunguka kupitia Sigowet bila sababu yoyote, vioo vimeshushwa, na mume wangu akaachia besi ya kwaya ambayo sikuwa nimeisikia tangu tuchumbiane. Nilicheka hadi machozi yakanitoka. Nilikuwa na furaha ya kijinga kabisa, na kila simu yake ilipolia niliomba asiwe mnunuzi.

Mnunuzi akaja, tena Jumamosi asubuhi. Mfanyabiashara mpole, akalizunguka gari, akalipenda. Mume wangu akamuuliza huwa anaenda wapi.

"Nairobi, mzee. Mara mbili kwa wiki."

Moyo wangu ukashuka hadi kwenye viatu. Dizeli ilikuwa imempata mwenyewe! Hata fundi angempa kwa mikono miwili.

Mume wangu akatikisa kichwa kwa huzuni kubwa. "Pole sana. Basi haitakufaa. Hii ni ya watu wa karibu karibu."

Yule bwana alitutazama mmoja baada ya mwingine, akaaga, akaenda zake bado akikuna kichwa. Nilibaki pale uani nimejishika mdomo kwa mikono yote miwili. Mume wangu alikuwa tayari amevaa koti.

"Mwalimu," akasema, "ni saa nne sasa, na hatujaenda popote."