Ubishi wa Nyuzi Thelathini na Mbili

Ghala la kahawa la babu yangu, pale Kashozi, lilinuka magunia makavu, maganda ya kahawa na vumbi lililolowa. Mvua ikipiga bati, harufu ile ilipanda mpaka ukahisi unaitafuna. Kahawa yenyewe ilikuwa imeshauzwa, limebaki ghala tupu lenye mkeka mmoja na meza ya mbao yenye mguu mmoja mfupi, ambao tuliuwekea kipande cha tofali. Tulikuwa tumemaliza mtihani wa darasa la saba, na tulikuwa tunangoja matokeo. Anayeyangoja matokeo hana kazi maalumu. Asubuhi unapalilia migomba, unachota maji, unamenya ndizi, na baada ya chakula cha mchana siku nzima inakulalia mikononi. Ndipo kaka Mugisha, mtoto wa baba mkubwa, alipotuita ghalani akatuambia ametuletea mchezo.

Mugisha alikuwa amemaliza kidato cha sita na yeye pia alikuwa anangoja, ila kungoja kwake kulikuwa kwa kikubwa, kwa kunyoa ndevu. Mchezo huo alifundishwa na rafiki yake wa bweni, ambaye alikuwa na kitabu cha mchezo wenyewe kutoka Marekani. Mugisha alikuwa amenakili kanuni zote kwa mkono kwenye daftari kubwa la jalada gumu. Mchezo haukuwa na kete wala ubao. Kila mmoja alibuni mhusika wake, akamwandika kwenye karatasi: nguvu zake, udhaifu wake, alichobeba mfukoni. Mugisha, akiwa msimulizi, alituambia tupo wapi na tunaona nini, nasi tulisema wahusika wetu wanafanya nini. Jambo likiwa gumu, bahati iliamua. Wenyewe huko hutumia dadu yenye nyuso ishirini. Sisi tulikuwa na vizibo ishirini vya soda, vimeandikwa namba kwa kalamu ya wino mzito, ndani ya soksi ya babu. Ukichomoa namba kubwa umefanikiwa, ukichomoa ndogo umeumia.

Tulikuwa wachezaji watatu. Deo, mtoto wa katekista, alichagua shujaa wa mkuki, na kabla ya kufanya lolote aliuliza kanuni inasemaje. Yusta alichagua mwizi mwenye miguu myepesi. Yeye hakuwa wa Kashozi. Baba yake alikuwa mvuvi katika kisiwa kimoja cha Muleba, na alikuwa amemleta kwa mama yake mdogo ili asome. Alikuwa na sauti ya mtu aliyezoea kuzungumza juu ya mngurumo wa injini. Mimi nilichagua mganga aliyeweka nadhiri ya kutosema, anayetibu kwa mikono tu. Mugisha aliisoma karatasi yangu, akanitazama, akasema, "Sawa, Asimwe." Hakuuliza kwa nini. Nilikuwa na kigugumizi kibaya, na shuleni nilikuwa nimejifunza kwamba mtu asiyesema hachekwi.

Kwa wiki tano tulizunguka nchi ambayo haipo. Tulivuka misitu, tukadanganya walinzi, tukala karanga za bibi huku tukisema ni chakula cha kifalme. Tulikuwa njiani kwenda kumtoa malkia aliyefungwa katika ngome ya kaskazini, na tulimtaka huyo malkia kama vile alikuwa shangazi yetu. Halafu tukafika mtoni. Mugisha alifungua daftari akasoma kwamba jioni ile hewa ilikuwa ya digrii thelathini na mbili na mto ulikuwa mbele yetu. Deo hakusubiri aendelee. Alisema shujaa wake anavua nguo anaingia kuoga.

"Unaingia?" Mugisha aliuliza.

"Naingia. Joto la digrii thelathini na mbili, nisioge?"

Mugisha akamwambia achomoe kizibo. Ikatoka tatu. Basi akasimulia, kwa huzuni, jinsi tabaka jembamba la barafu lilivyopasuka, na jinsi mkondo wa maji ulivyomvuta shujaa chini, akafa.

Sijawahi kuona mtu akifiwa kama Deo siku ile. Alisimama, mkeka ukajikunja. "Barafu ya wapi? Hapa Bukoba hata siku ya jua kali hatufiki thelathini na mbili! Hilo ni joto la Dar es Salaam. Mwalimu alitufundisha, maji yanaganda kwenye sifuri!" Mugisha akajibu kwamba kitabu ni cha Wamarekani, nao hupima kwa Farenhaiti, na kwa Farenhaiti maji huganda kwenye thelathini na mbili. Deo akasema hiyo Farenhaiti ameibuni sasa hivi ili kumuua. Yusta akasema msimulizi akisema ni barafu, ni barafu. Deo akamwambia yeye ni mwizi hata nje ya mchezo. Neno lile likakaa katikati yetu kama jiwe kwenye wali. Deo alichukua karatasi yake akaondoka katika mvua, na siku ya pili hakuja, wala ya tatu.

Wazee walisema, ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, lakini hakuna aliyeniambia nifanye nini wiki nzima ikipita na jembe limeshachoka. Siku ya nane Yusta alikuja peke yake. Alikaa kwenye gunia, akasema kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo, "Baba anakuja Ijumaa kuuza samaki mjini. Nitarudi naye kisiwani. Amesema darasa la saba linatosha, kuhesabu samaki najua." Matokeo hayakuwa yametoka. Nilitaka kumwambia mambo mengi, na kama kawaida yalinikwama kooni. Alichosema yeye ni kwamba hapendi kuondoka kabla hatujafika kwenye ngome, wote wanne.

Usiku ule sikuwaza barafu, nilimwaza Deo. Nilimjua: hangerudi kwa kubembelezwa, ila angerudi kwa ushahidi. Nikakumbuka kwamba kwenye baraza la nyumba ya masista, misheni, palikuwa na kipimajoto cha zamani cha ukutani, chenye mstari mwekundu katikati na namba pande mbili. Nilikipita kila Jumapili bila kujiuliza kwa nini ziko pande mbili. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Asubuhi nilikwenda nikagonga. Sista mzee aliyefungua alinisikiliza neno la kwanza likinishinda, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alivuta kiti akakaa. Aliposikia yote alicheka mpaka akafuta macho, akakishusha kipimajoto ukutani, akakifunga kwa kitenge. "Kikivunjika," alisema, "nitakuja ghalani kwenu kucheza mimi."

Siku ya Ijumaa Mugisha alituombea lifti kwenye pikapu ya ndizi iliyokuwa inakwenda mjini, ambako wavuvi huleta samaki wao ndani ya barafu. Nilikwenda mlangoni kwa Deo nikamfunulia kitenge, nikamwonyesha herufi F upande mmoja na C upande mwingine. Alizigusa moja moja kwa kidole. "Hizo ni herufi tu," alisema, lakini alipanda gari. Yeye na Yusta, aliyekuwa na mzigo wake wa safari, walikaa kila mmoja pembeni mwa mikungu, hawatazamani.

Mwaloni mjini Bukoba, pale wavuvi wanapotia nanga, boti zilikuwa zinashusha sangara. Baba yake Yusta, mtu mrefu mwenye koti la mvua la njano, alikuwa anafungua makasha ya barafu. Yusta alimwamkia, akamwomba barafu kidogo. "Ya nini?" "Ya kumfufua mtu," Yusta akasema. Baba yake alidhani hajasikia vizuri, akampa ndoo nusu, barafu iliyosagwa ikielea kwenye maji yake. Tulikizamisha kipimajoto humo. Wachuuzi wawili walisogea, halafu wabeba makasha, halafu mama wa chai na birika lake. Mstari mwekundu ulishuka polepole, ukasita, ukashuka tena. Ukasimama. Deo aliinama mpaka pua ikakaribia maji.

"Soma," Mugisha akamwambia.

"Upande huu, sifuri," Deo akasema.

"Na huu?"

"Thelathini na mbili." Akanyanyuka. Watu wote walikuwa wanamtazama, hawajui wanangoja nini. "Basi nilikufa kihalali," alisema, akamgeukia Yusta. "Na wewe si mwizi. Nisamehe." Yusta akamrushia kipande cha barafu shingoni, na mwalo mzima ukacheka kwa jambo wasilolijua.

Furaha ile ilidumu mpaka baba yake Yusta aliposema, akifunga kamba, kwamba saa tisa boti inaondoka na Yusta apakie mzigo wake. Mugisha alianza kusema jambo la heshima, akajibiwa kwa heshima, yakaisha. Ndipo niliposikia mtu anasema, "M-m-mzee," na alikuwa mimi. Watu wa ile ndoo walikuwa hawajaondoka. Nilisema Yusta ndiye anayekuwa wa kwanza kwa hesabu darasani. Nilisema matokeo bado, na kwamba mtu hatupi wavu akaondoka kabla ya kuuvuta. Kila neno lilikuja kama gunia linaloburutwa. Kuna moja lilinichukua muda ambao mama wa chai alimimina kikombe kizima. Sikuacha. Nilimwomba kitu kimoja tu: amwache mpaka matokeo yatoke.

Yule mzee hakunimalizia neno hata moja. Alisimama na kamba mkononi mpaka nilipofika mwisho. "Wewe ni mtoto wa nani?" aliuliza. Nikamwambia. Akamtazama binti yake, akatazama ziwa. "Akae mpaka matokeo," alisema. "Akifeli, nitakuja mwenyewe. Akifaulu, nitakuja mwenyewe na ada."

Kesho yake tuliingia ghalani wanne. Deo aliweka karatasi ya shujaa wake mezani, imelala kifudifudi kama maiti, akasema yeye atatazama tu. Nikaomba kuvunja nadhiri. Mganga wangu alipiga magoti kwenye barafu akamwita shujaa kwa jina lake, kwa sauti, na mimi nilimwita kwa sauti yangu, pamoja na kigugumizi chake chote, na hakuna aliyecheka. Mugisha alisema kumfufua mtu kunahitaji kumi na nane au zaidi. Nikaingiza mkono ndani ya soksi. Ilipotoka kumi na tisa, Deo alipiga kelele hata kuku wa bibi wakatawanyika uani, na babu akaja mlangoni kuuliza ni nani amepigwa. Kabla ya jua kuzama malkia alikuwa huru. Majuma machache baadaye matokeo yalibandikwa. Tulifaulu wote watatu, na koti la njano lilionekana Kashozi kama lilivyoahidi.

Mugisha sasa yuko Mwanza na ana watoto wanaomchosha kwa maswali. Deo ni fundi umeme Bukoba, mbishi vilevile. Yusta ni tabibu katika zahanati ya kisiwani, na wagonjwa wake wanasema sauti yake peke yake inashusha homa. Mimi nafundisha fizikia katika sekondari moja Muleba. Bado nina kigugumizi, wiki ya kwanza kidato cha kwanza hucheka, wiki ya pili wamezoea, wiki ya tatu wananiigiza kwa upendo. Siku hizi ubishi kama ule wetu ungeishia kwenye simu kabla Deo hajasimama, na sisemi kwamba ni vibaya. Siitamani enzi ile ambayo masomo ya msichana yaliweza kutegemea kama rafiki yake atapata ujasiri wa kufungua mdomo. Januari hii mvuvi mmoja alivuka ziwa na binti yake, akapandisha kilima cha shule yetu akiwa na godoro kichwani, akaniambia, "Mwalimu, huyu ni wako kwa miaka minne." Hakuna aliyemwomba amlete. Nilimpokea godoro, tukaingia ndani.