Bosi Alivyoonekana kwenye 4K

Najua utacheka. Cheka tu, hata mimi hucheka nikisimulia. Lakini haya yalinipata mimi mwenyewe, nyumbani kwangu Kagongwa, mchana kweupe, na sikuwa na homa wala sijawahi kuonja pombe.

Mume wangu anachimba dhahabu Nyarugusu. Starehe yake si mpira wala baa, ni samaki. Alinunua tangi la kioo, akaliweka sebuleni na pampu yake na taa yake, akatia samaki sita wa mapambo. Mmoja alikuwa mkubwa, wa rangi ya chungwa, na baka jeupe juu ya jicho la kushoto. Huyo alimwita Bosi. Mume wangu akirudi nyumbani ananisalimia mimi, halafu anakwenda kuongea na Bosi. Siku nyingine anaanza na Bosi.

Sasa sikia kosa langu. Nilikwenda harusini Ushirombo nikakaa siku mbili. Huku nyuma umeme ukakatika, pampu ikazima. Niliporudi, watano walikuwa wanahema juujuu, na Bosi anaelea ubavu. Nilimzika kwa mikono yangu chini ya mpapai, nyuma ya bafu. Nikasema nitamweleza mwenyewe akija.

Kabla hajaja, jiwe likamwangukia mguuni kwenye duara, lile shimo wanalochimba. Akafungwa plasta, akawa amelala kwa rafiki yake hukohuko Nyarugusu. Rafiki akanipigia: "Shemeji, huyu mtu hali chakula. Siku ya tatu anatazama ukuta tu. Anasema anataka kuwaona samaki wake."

Mtu wa hali hiyo utamwambiaje kwamba Bosi amekufa? Wewe ungeweza?

Mimi sikuweza. Nikafungua kamera ya simu, nikaingia kwenye mipangilio, nikashusha ubora wa video mpaka chini kabisa, 480. Nikasimama mbali, nikarekodi. Samaki wakatoka kama maharage kwenye mchuzi, huwezi hata kuwahesabu. Nikatuma. Haikupita muda akapiga mwenyewe, sauti imefifia.

"Mama Kulwa, hii ni nini? Bosi yuko wapi?"

"Si huyo anapita kule nyuma?"

"Sioni kitu. Rekodi tena, uweke ubora mkubwa."

Nilikuwa bado nimeshika simu, natafuta uongo mwingine, nikasikia hodi. Ilikuwa kama saa kumi jioni, jua bado kali. Nje alisimama mwanaume wa makamo, nadhifu, shati la rangi ya chungwa, nyusi za jicho la kushoto nyeupe kama pamba.

"Mwadila, mayu," akanisalimu Kisukuma, yaani habari za jioni, mama.

"Mwadila. Shikamoo, karibu."

"Marahaba. Naomba maji ya kunywa."

Nikamkaribisha, nikatia komeo mlangoni kwa sababu mbuzi wa jirani huwa wanaingia. Alikaa kwenye kiti cha karibu na tangi, akanywa jagi zima. Nikamletea la pili, akalimaliza. Niamini, muda wote ule hakupepesa macho hata mara moja. Na samaki wote watano walikuwa wamekuja upande wake, wamegandisha midomo kwenye kioo.

Akaitazama simu yangu. "Mbona umeweka ubora mdogo hivyo? Unamficha nani?"

 Nikajikuta namweleza yote, harusi, umeme, mpapai, mume asiyekula. Unajua alifanya nini? Alicheka! Kicheko kizuri cha kirafiki, mabega yanatikisika.

"Samaki anayekimbiakimbia mpe 1080 na fremu sitini kwa sekunde, mwendo wake utakuwa laini. Aliyetulia mpe 4K, ubora wa juu kabisa. Leo tuweke 4K."

Akaniambia nifunge pazia ili dirisha lisijioneshe kwenye kioo, nizime taa ya sebuleni nibakize ya tangi, nipanguse alama za vidole. Akaishika simu sawasawa mbele ya kioo, akarekodi dakika nzima.

"Itume kama faili. Ukiituma kama video ya kawaida itabanwa, ubora utapotea."

"Lakini ataona kwamba Bosi hayupo!"

"Tuma, mayu. Mtu ana njaa."

Nikatuma. Nilipoinua uso nimshukuru, kiti kitupu, kimelowa maji. Mlango uko na komeo lake vilevile. Sakafuni kulikuwa na nyayo za maji kutoka kitini mpaka kwenye tangi. Za kwenda mlangoni hazikuwepo.

Simu ikalia. Mume wangu, anacheka kama mtoto! "Nimemwona Bosi! Amenenepa! Amekuja mbele kabisa akanifumbulia mdomo!" Kisha nikamsikia anamwita rafiki yake alete ugali.

Nikaifungua ile video. Nikahesabu sita. Nikahesabu ndani ya tangi, watano. Na yule wa sita alikuwa Bosi, baka lake jeupe juu ya jicho la kushoto. Ndipo nilipozikumbuka nyusi za mgeni wangu, nikaketi sakafuni pu! Nikarekodi tena kwa 480, safari hii karibu na kioo, watano. Kwa 720, watano. Kwa 4K, sita. Pale mpapai sikuthubutu kufukua, na usinishauri.

Mume wangu alirudi na magongo, moja kwa moja mpaka kwenye tangi. Akahesabu kwa kidole, akanigeukia. Nikamwambia ukweli wote. Akaegemeza magongo ukutani.

"Ungeniambia, Mama Kulwa. Ningelia, halafu ningekula."

Kisha akatoa simu, akaweka 4K. Bosi akapita taratibu, akageuka, akamtazama. Mume wangu akavua kofia. "Shikamoo, Bosi."

Mpaka leo kila Jumapili tukitoka kanisani tunamrekodi, na kila Jumapili yupo. Kile kiti hakijakauka, hata kiangazi, na hakuna anayekikalia.

Basi na wewe, kama una samaki ndani na mmoja amekufa, mwambie mwenyewe siku hiyohiyo. Usiingie kwenye mipangilio ya kamera kutafuta pa kumficha. Mimi nilibahatika, aliyenijia alikuwa mpole na mcheshi. Atakayekuja kwako simjui.