Ndoto Niliyomzulia Kahindo

Hata leo, harufu ya vitumbula vinavyoiva katika mafuta ya mawese hunisimamisha njiani. Si njaa. Naweza kuwa katikati ya Lubumbashi, mkoba begani, nimechelewa ninakokwenda, lakini harufu hiyo ikinipitia puani najikuta tena Kasungami, nina miaka tisa, miguu myekundu kwa vumbi, na watoto wenzangu wamenizunguka wakisubiri niseme. Nami nikasema. Sijapata kulieleza jambo hili kwa watu wengi. Nyinyi nisikilizeni taratibu.

Kasungami ya siku zile, pembezoni mwa jiji, ilikuwa nusu shamba, nusu mtaa. Nyumba mbili, halafu mahindi. Nyumba moja, halafu kichuguu kirefu kuliko nyumba yenyewe. Asubuhi za mwezi wa sita baridi ilituuma masikio, na moshi wa mbabula, majiko yetu ya makaa, ulilala chini juu ya vitalu vya mboga za lengalenga kama mtu asiyetaka kuamka. Babu yangu alikuwa ametoka Kabalo, kaskazini, akafuata kazi ya reli. Baba yangu, ambaye sote tulimwita Papa, akaifuata kazi ile ile. Jumapili alisoma masomo kanisani kwa sauti ambayo nyumbani hatukuisikia kamwe. Nyumbani sala yake ilikuwa fupi, na sisi watoto tuliipenda kwa sababu hiyo. Mama ndiye aliyeita watakatifu mmoja mmoja hadi bukari, ugali wetu, ikaganda kwenye sahani. Papa alikuwa na msemo wake: “Misa iko siku moja. Jirani iko siku zote saba.” Nilidhani anatafuta tu kisingizio cha kufupisha sala.

Jirani yetu wa upande wa jua kutoka alikuwa Papa Muhindo, mfanyabiashara aliyetoka Kivu ya Kaskazini. Alileta bidhaa kwa lori lake kutoka Mokambo, mpakani. Watu wa kwake walikuwa wachapakazi na wacha Mungu. Asubuhi nyimbo zao zilitangulia jogoo wetu. Kahindo alikuwa binti wa marehemu dada yake. Aliletwa akiwa na miaka kumi, na sanduku dogo la bati, na alikuwa na tabia ya kuimba bila kufungua mdomo. Alivuma tu, kama nyuki aliye ndani ya ua. Tukawa marafiki. Alinisuka nywele bila kuniumiza, jambo ambalo Mama hakuwahi kuliweza.

Lakini nisijipambe. Nilimwonea wivu pia. Alibeba ndoo ya maji kichwani bila tone kumwagika, na Mama akawa ananiambia, “Angalia mwenzako.” Ukimwambia mtoto “angalia mwenzako” mara nyingi, ataangalia, lakini si kwa jicho unalolitaka.

Mwaka huo lori la Papa Muhindo lilipinduka njiani kutoka Mokambo. Alinusurika, akarudi na mkono uliofungwa kitambaa shingoni. Wiki haijaisha, mtoto wake mchanga akaanza homa. Katika ua wao kilikuwa kimezoea kukutana kikundi kidogo cha maombi chini ya turubai la buluu, na mchungaji wao akaanza kusema kwamba msiba hauji mara mbili bila mtu kuufungulia mlango. Watu wakaanza kuutafuta mkono uliofungua.

Siku hizo nilikuwa nimeota ndoto. Niliota Kahindo amesimama uani kwetu baada ya mvua, maji yamemfika vifundoni, maangavu hata vidole vyake vinaonekana. Aliinama kuokota kitu. Sikukiona. Basi, hayo tu. Niliamka na furaha ambayo sikujua imetoka wapi.

Kesho yake, kwenye bomba la maji, wasichana walikuwa wakisimuliana ndoto, kila mmoja akitaka ya kwake itishe zaidi. Zamu yangu ilipofika, maji maangavu hayakumtisha mtu. Nikaona macho yanaanza kuniacha. Mama mmoja alikuwa akikaanga vitumbula kando ya njia, na harufu ile ikaniletea maneno mdomoni. Nikasema, “Kahindo alinipatia kitumbula. Nikakipasua. Mule ndani ilikuwa nyama, nyekundu.”

Ndoo zikanyamaza. Kwetu kila mtoto alijua maana ya kulishwa nyama ndotoni: ndivyo wachawi wanavyomwingiza mtu katika kundi lao. Nilijua. Na kwa muda mfupi, Mungu anisamehe, nilifurahia ukimya ule.

Kufikia alasiri maneno yalikuwa yamevuka ukuta. Kahindo akafungiwa katika chumba cha jiko cha nje, afunge kula hadi Jumamosi, siku ambayo kikundi kingekutana kumwombea mbele ya watu wote. Nilipita karibu na ukuta ule nikijifanya natafuta kuku. Siku ya kwanza nilimsikia akivuma wimbo wake. Siku ya pili nilimsikia akikohoa. Siku ya tatu sikusikia kitu.

Chakula kikanishinda. Hata ndakala, samaki wadogo wa kukaushwa ambao niliwaiba jikoni kila siku, walinuka kama kutu. Jumamosi mchana nilimfuata Papa kwenye kitalu cha lengalenga. Alikuwa akimwagilia kwa kopo alilolitoboa mwenyewe. Nilimwambia yote nikiwa nimeyatazama matone, si uso wake. Kopo liliisha maji, naye akaendelea kulishika limeinama.

“Ndoto ya kweli ilikuwa namna gani?” aliniuliza.

Nikamwambia habari za maji maangavu.

“Na ile ingine ulisemea wapi?”

“Ku bomba, Papa. Pa bantu.”

“Basi na kweli itasemewa pa bantu.”

Mama alipotusikia alitoka na mikono iliyojaa unga, akamwita Papa kwa jina langu, kama kawaida yake. “Papa Ngoie, acha! Batasema hata kwetu kuko bulozi. Utaharibia mutoto jina.”

“Jina la ule mwingine nani aliharibu?” Papa alijibu, na hakupaza sauti. Alinawa mikono, akavaa koti lake la Jumapili, akanishika mkono. Kiganja chake kilikuwa kimelowa. Nilidhani ni maji ya kunawa.

Chini ya turubai palijaa. Mchungaji alikuwa amesimama kati, mke wa Papa Muhindo amepakata mtoto mchanga anayehema haraka haraka, na Papa Muhindo mwenyewe ameketi pembeni na mkono wake uliofungwa, hamtazami mtu. Papa hakunipeleka katikati. Alinipeleka hadi kwenye mlango wa lile jiko, uliofungwa kwa kipande cha waya, akaniweka hapo.

“Mutanisamehe, bandugu,” alisema. “Mutoto wangu iko na neno.” Kisha akaniinamia. “Sema kwa nguvu, asikie.”

Nilidhani anamaanisha mchungaji, nikamgeukia yeye. “Nilisema bongo,” nikaukiri uwongo wangu nikilia. “Kahindo hakunipatia kitu. Alikuwa mu maji tu. Nyama, mi njo nilitunga.”

Mnong’ono ukapita kama upepo kwenye mahindi. Mchungaji akasema kwa upole kwamba yaonekana na mimi nimekwisha kufungwa na wachawi, kwamba shetani anapokaribia kushindwa humfanya shahidi akanushe. Watu walio karibu nami wakasogea nyuma hatua moja. Ndipo nilipojua jinsi inavyokuwa kuachiwa nafasi na watu.

Papa hakubishana naye. Alifungua ule waya. Kahindo alitoka akikunja uso kwa ajili ya jua, midomo imepasuka, majivu kwenye nywele. Papa akaniambia, “Enda kwa mama yako. Leta bukari.”

Nilikimbia. Mama alikuwa amekwisha kuipika. Alikuwa amesimama mlangoni kwetu na sahani mkononi, sombe, mboga ya majani ya muhogo, pembeni, machozi yakimchirizika, na hakuniachia niibebe. Aliileta mwenyewe, mbele ya watu wote, akaiweka chini. Papa akaketi mchangani na koti lake la Jumapili. Mama akaketi. Mimi nikaketi. Papa akamega tonge dogo, akalichovya kwenye sombe, akampa Kahindo, kisha akamwambia, “Na weye nipatie.” Kahindo akamega. Mkono wake ulipovuka sahani, sombe likadondoka kwenye goti la Papa. Papa akakila kile alichopewa na mkono ule, polepole, huku watu wanatazama koo lake.

Sijui tungekaa hivyo mpaka lini. Aliyetangulia kusema ni Papa Muhindo. Alisimama kwa shida. “Mi ndo nililala ku volan,” alisema, akizungusha hewani usukani usiokuwapo. Mke wake akamgeukia. “Hakuna mutu alinisukuma. Nilitoka Mokambo na usingizi, nikajua niko na usingizi, nikaendelea. Nilisikia haya kusema.” Akaja, akaketi kando ya mpwa wake, akanyoosha mkono mzima kwenye sahani yetu.

Mama ndiye aliyenyanyuka kwanza. Alimfuata mke wa Papa Muhindo, akagusa paji la mtoto mchanga, akasema, “Mama, tumupeleke kwa munganga. Sasa hivi.” Wakaondoka wawili hao wakipokezana mtoto. Kule zahanati waliambiwa ni malaria. Alipona, lakini taratibu.

Si kila kitu kilikwenda sawa. Wapo majirani waliowakataza watoto wao kucheza nami, na kwa miezi kadhaa, nikifika bombani, mazungumzo yalikatika. Mama alilaumu, Papa akachukua kopo lake akaenda kitaluni. Kahindo alikaa kwetu wiki chache, kisha akarudi kwa mjomba wake, akamaliza shule, akaolewa Kilwa, si ile ya pwani bali hii yetu ya kando ya ziwa. Hakuniuliza kamwe kwa nini. Nami, kwa woga, niliuchukua ukimya wake kuwa ni msamaha, na kwa miaka mingi nikaamini kwamba siku ile Papa alinipeleka kuwaumbua wale watu, au kuniadhibu mimi.

Alikuja kwenye mazishi ya Papa, njia mbaya yote ile kutoka Kilwa, na mtoto wake mgongoni. Jioni tuliketi nyuma ya nyumba tukichambua mboga za wageni. Nikajikaza, nikamwomba radhi, kwa mara ya kwanza nikiwa mtu mzima. Aliweka mboga kando.

“Unajua nilikuwa ninafanya nini mule jikoni? Nilikuwa ninatafuta kukumbuka. Nilijiambia, kama Ngoie, rafiki yangu, anasema nilimupatia, basi pengine nilimupatia. Pengine nilitokaka nikiwa nimelala. Nilitafuta siku tatu, hata nikaanza kuona hiyo nyama mu mikono yangu. Njo nikasikia sauti yako ku mlango.”

Akarudi kuchambua mboga zake. Nami nikabaki na jani moja mkononi. Nilikuwa nimedhani nimemharibia jina tu, na jina likiharibika watu ndio wa kulirudisha. Kumbe nilikuwa nimemnyang’anya hata kujijua mwenyewe. Papa alilijua hilo, au alilihisi, aliposema “asikie.” Chini ya turubai lile walikuwapo watu wengi, lakini alinisimamisha pale kwa ajili ya mmoja tu, aliyekuwa nyuma ya mlango.