Njia Fupi ya Kwenda kwa Dada Nafula

Kwetu, habari ya mahari haipelekwi kwa simu. Wakwe walikuwa waje Jumamosi kumwomba binti yangu Nekesa, na bila shangazi yake, yaani dada yangu mkubwa Nafula, kukaa kando yake, hakuna mazungumzo. Basi nikatoka na baiskeli kuwaalika ndugu zangu kwa mdomo.

Mimi husambaza mikate, na kurudia njia huniuma kama jino. Nikapanga: nianzie kwa mdogo wangu Wekesa, hapa hapa mtaani kwetu Mbotela, nipitie kwa binamu yetu Simiyu, mlinzi wa ghala moja kule viwandani, Industrial Area, nimalizie kwa Dada, mtaa wa Mukuru kwa Njenga. Mke wangu akauliza, "Dada ndiye wa mwisho?" Nikamwambia aniachie mambo ya barabara.

Mbotela, asubuhi. Wekesa alinikumbatia hadi kofia ikadondoka. "Bro! Nekesa anaolewa? Wacha!" Chai ikaja na mandazi, na chai ya habari kama hii haikataliwi.

Industrial Area. Simiyu alinimiminia nyingine pale langoni. Tumbo lilikuwa limejaa, lakini nilijipongeza kwa mpango wangu.

Mukuru kwa Njenga, mchana. Dada alikuwa mlangoni akichambua mboga ya sukuma, hakuinua kichwa. Kumbe Wekesa, kwa furaha yake, alishampigia simu kumpongeza, akamwambia nimeelekea kwa Simiyu.

"Hodi, Dada."

"Hodi ya nini? Hata mlinzi wa ghala amejua kabla yangu! Mama Nekesa alipolazwa hospitalini, nani alimbeba mtoto mgongoni, mimi ama Simiyu?"

"Dada, ni njia tu, nilitaka nisi—"

"Basi Jumamosi hiyo njia ikakae na mtoto wako."

Nikawaona mawazoni wakwe wakiondoka, na Nekesa akilia chumbani. Nikageuza baiskeli.

"Unaenda wapi?"

"Nyumbani, Dada. Nianze safari upya."

Nikarudi jua likiniwakia utosini. Simiyu alinipungia chupa ya chai, nikampita. Nilifika mlangoni pangu Mbotela, nikagusa kitasa, mke wangu akaangua kicheko, nikageuza tena. Kwa Wekesa sikutazama hata dirisha.

"Hodi, Dada!"

"Karibu, Baba Nekesa! Habari za Mbotela?"

"Nimekuja kwako kwanza. Wakwe wanakuja Jumamosi."

Dada alipiga vigelegele hadi majirani wakachungulia. Tukanywa chai. Halafu akajifunga leso, akapanda nyuma ya baiskeli. "Twende, Simiyu na Wekesa hawajaambiwa."

Simiyu si mjinga. "Nekesa anaolewa? Ai, Dada!" Akamimina chai tena, na mimi nikanywa, nitafanyaje?

Mikate bado naipeleka kwa njia fupi. Watu nimejifunza kuwafikia kwa ukubwa wao, hata nikizunguka mji mzima.

Tulipofika kwa Wekesa, jioni, alimsikiliza Dada mwanzo hadi mwisho, kisha akatoa machozi ya kweli. Dada akaninong'oneza, "Umeona? Habari ikiletwa vizuri, mtu analia. Asubuhi kwani wewe ulimwambiaje?"